Uzoefu wangu na bajaji ya mkononi: rivasi ndiyo iliyonifundisha

Bajaji hii nina mwezi wa tisa nayo. Niliinunua mkononi mwa mtu: injini ya petroli ya sisi 200 hivi, gia nne za mbele na rivasi. Siku ya kuinunua nilikagua kila nilichokijua. Nilisikiliza injini, nikaangalia moshi, nikatazama tairi, nikaizungusha mtaa mzima. Rivasi sikuigusa. Nani anarudi nyuma na bajaji? Inageuka padogo, na pakiwa padogo zaidi unashuka unasukuma.

Wiki ya pili nikambeba mama mmoja kutoka Feri na mabeseni matatu ya samaki, tukaingia Tandale kwa ndani. Mbele tukakuta rundo la mchanga limemwagwa njiani, ukuta kulia, ukuta kushoto, na tulikuwa tumekuja kwa kushuka, maana yake kurudi ni kupanda. Bajaji tupu ni kilo 350 hivi, bado hujaweka samaki na barafu. Nikavuta leva ya rivasi, ikagoma. Nikaivuta kwa hasira, vikasikika vyuma vinasagana, mama akashika kifua. Mwisho akashuka, akakaza khanga kiunoni, akasukuma pamoja nami na vijana wawili. Nauli nilimpunguzia kabla hajaniomba.

Fundi wangu alicheka kwanza, ndipo akaniuliza nilivuta leva gia ikiwa wapi. Ilikuwa ya kwanza. Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho aliyeniuzia hakunieleza, na sidhani kama naye alikijua. Rivasi ya bajaji yangu si gia ya tano iliyojificha kwenye mshikio wa kushoto. Mshikio unachagua gia ya kwanza mpaka ya nne. Leva ya pale chini karibu na kiti inaamua jambo moja tu: magurudumu ya nyuma yazunguke kwenda upande gani.

Akachukua gia kuukuu akazipanga mezani. Mbili zikishikana meno, moja ikienda kulia nyingine inakwenda kushoto. Ukipachika ya tatu katikati yao, ile ya mwisho inageuza mwelekeo. Basi, rivasi ndiyo hiyo. Gia ya katikati haibadilishi mwendo, kazi yake ni kugeuza tu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: unasimama kabisa, unabana klachi, unarudisha mshikio frii, unavuta leva, ndipo unaweka gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Ndani hakuna kitu cha kuyalinganisha meno kabla hayajashikana, kwa hiyo chombo kikiwa bado kinaserereka lazima yagongane. Na ikigoma hata ukiwa umesimama, usiilazimishe. Meno yamekutana kichwa kwa kichwa. Isukume kidogo, hata nusu hatua, ujaribu tena, utasikia inaingia yenyewe.

Yangu ilikuwa na la ziada. Waya wa rivasi ulikuwa umelegea, na wa klachi umevutika mpaka klachi haikatiki vizuri. Alipomwaga oili ikatoka na unga wa chuma unaong'aa. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa mtu wa nguvu. Kwa bahati gia zenyewe hazikuwa zimeliwa sana. Nilibadilisha waya zote mbili na oili, na tangu hapo inaingia kwa vidole viwili. Ningeijaribu siku ya kwanza ningekuwa na hoja ya kushusha bei.

Sasa naitumia karibu kila siku, hasa pale kijiweni tunapopanga foleni tukiwa tumebanana. Inalia mlio mwembamba ikirudi nyuma, nimeshauzoea. Kule Maharashtra, India, wana mashindano ya kuendesha bajaji kinyumenyume, niliona video yake. Wenzetu wana roho ngumu. Mimi mwendo wa kutembea unanitosha.

Ninachokilalamikia hasa ni kwamba leva inabaki pale ulipoiacha, na mshikio wa gia haukuonyeshi chochote. Wiki iliyopita nilirudi nyuma kumpisha mwenye guta, nikapokea simu, abiria akaingia, nikaweka gia ya kwanza kwenda zangu mbele. Bajaji ikaruka nyuma. Bodaboda aliyekuwa ameegesha pale alinitukana matusi ya kutosha mpaka Pasaka. Siku hizi kabla ya kuondoka mkono wangu unaipapasa leva kwanza, hata kama sijaigusa tangu asubuhi. Na kwa kuwa haina kengele ya kurudi nyuma, nikiwa uchochoroni penye watoto natoa kichwa nje napiga kelele mwenyewe: nyuma! nyuma! Abiria wengine wananiona chizi.