CXCL13 na CCL21 ndani ya tezi za limfu

Kemokini hizi mbili, yaani protini ndogo zinazoita seli za kinga, hukaa tezi moja, ila kila moja ina wageni wake. CXCL13 huita seli B, zenye kipokezi (protini ya juu ya seli inayonasa kemokini) cha CXCR5. CCL21 huita seli T na seli za dendriti (zinazoonyesha seli T vipande vya vijidudu), kupitia kipokezi cha CCR7.

Ukiuliza ipi ina kazi kubwa zaidi katika ujenzi wa tezi zenyewe, kura yangu naipa CXCL13. Panya waliozaliwa bila kemokini hiyo hukosa tezi nyingi, ingawa za tumboni na shingoni kwa kawaida hubaki. Wanaokosa CCL21 kwenye tezi, tezi wanazo, tatizo ni seli T chache mno zinazoingia. Kwa kawaida CCL21 hunata kwenye kuta za vishipa vya damu ndani ya tezi; seli T inayobiringika hapo husimama, ikashika ukuta, ikapenya.