Jino la mbele la mwanangu liligoma kuota, huduma niliyopata kliniki ya meno

Wazazi wenzangu naandika hii kwa sababu mi nilitafuta sana mtu aliyepitia hili sikumpata. Mwanangu aling'oka meno mawili ya mbele juu akiwa na miaka sita na kitu, la kulia likaota fasta tu, la kushoto kimya. Kila mtu na lake, shangazi mtu anasema subirini, duka la dawa wakatuuzia sirapu ya kalsiam, miezi inakatika, mpaka jino la pembeni ambalo kawaida huja baada ya yale ya kati likachomoza na kuanza kulalia pengo. Shuleni wakamwita kibogoyo, mtoto akawa akicheka anaziba mdomo na kiganja, iliniuma jamani.

Nikampeleka kliniki moja hapa Dar yenye daktari wa meno ya watoto. Nilichompendea hakukimbilia kisu, alipapasa fizi kwa kidole, akauliza kama mtoto aliwahi kuanguka akaumiza lile jino la utoto, na kama sisi wazazi tulichelewa kuota. Akasema jino likishaota na miezi 6 ikapita mwenzake wa upande wa pili haonekani, piga picha, usibahatishe. Eksirei ilipotoka akanionyesha kwa ncha ya kalamu, jino la ukubwani lipo zima kabisa huko ndani ila kuna kijino cha ziada kimechongoka kimekaa katikati ya njia yake, sasa hapo sirapu ingesaidia nini?

Siku ya kukitoa wakampaka kwanza jeli ya ganzi ndo sindano ikafuata, hakulia kabisa. Usiku mdomo wa juu ulivimba kidogo, akanywa uji uliopoa na panado yake akalala. Waliniambia jino linaweza kushuka lenyewe taratibu kwa miezi kadhaa, likigoma ndo wanafungua fizi na kulivuta kwa waya. Letu limeshuka, ukiinua mdomo unaona ukingo mweupe una vimenomeno kama msumeno, wanasema jino jipya ndo lilivyo, litalainika kwa kutafuna.

Lawama yangu ni foleni ya Jumamosi, ndefu mno, nendeni katikati ya wiki. Halafu bima yetu ililipa eksirei tu, upasuaji tukatoa keshi, kwa hiyo ulizeni bei mapema kabla mtoto hajakaa kwenye kiti.