Kadi za mandhari: kuchora kwa mkono au kuchapisha?

Ni kadi ambazo, ukizipanga vyovyote, zinaunda mandhari moja isiyokatika. Seti ya John Clark ya London, 1824, ilikuwa na kadi 16. Mipangilio yake inapita trilioni 20.

Kazi yote iko ukingoni. Upeo wa macho na barabara lazima vifike kingo zote mbili kwa kimo kilekile, kadi zote. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kikae katikati ya kadi yake, la sivyo kitakatwa nusu na migomba ya jirani. Anayechora hukata manila kwanza, kisha hutia alama kwa rula. Kompyuta hushika vipimo yenyewe, ila printa nyingi huacha ukingo mweupe. Kisu kikiteleza milimita moja, barabara inaruka.

Gharama? Manila na rangi za maji ni nafuu, lakini seti ya pili ni kuanza upya.

Masika ya Moshi huharibu rangi ya maji. Laminesheni inakinga, ila ukingo wake wa plastiki hutenganisha picha, na hilo mimi silipendi kabisa.

Mwalimu mwenye darasa kubwa achapishe. Zawadi ya mtoto mmoja, chora. Muuzaji wa vinyago Arusha anaweza kuchora seti moja, akaiskani, akachapisha nyingine.