Patna wa mshahara au patna wa hisa?

Jamani mawakili mnaokaribia upatna, yaani kuwa mshirika kwenye kampuni ya mawakili, msichanganye hivi vitu viwili. Patna wa mshahara jina linapanda, kipato unakijua, mtaji hutoi, ila kwenye kura za mambo makubwa mara nyingi unasikia tu matokeo. Patna wa hisa anaweka hela yake ndani, wengine wanakopa kabisa benki, halafu anakula faida, na mwaka ukiwa mbaya mgao wake ndo unapungua maana wafanyakazi lazima walipwe kwanza. Na kwenye hisa huko kampuni hawaangalii sana masaa uliyopiga kazi, wanaangalia wateja unaoleta, yaani wale ambao ukihama wanakufuata. Kama unao, komaa na hisa. Kama bado, chukua ya mshahara lakini ulizia mapema, tena kwa maandishi, vigezo vya kuvuka kwenda hisa ni vipi.