Proxmox Backup Server kwa bakapu za saiti ya pili: naikubali, ila ufunguo nusura uniumbue

Nimeitumia hii kitu, programu ya kutunza bakapu (nakala za akiba za data), mwaka na ushee sasa kupeleka bakapu za seva zetu saiti ya pili (eneo jingine mbali na seva kuu), kwa hiyo nadhani naweza kuisemea. Nyota 4 kwa 5. Hiyo moja nliyoibana, nusu yake ni uzembe wangu mwenyewe, ntafika huko.

Zamani tulikuwa na skripti ya rsync (programu ya kunakili mafaili), kila usiku inabeba mafaili makubwa ya mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva), mtandao ukikatika saa nane usiku asubuhi unakuta nusu faili na hakuna hata wa kukuambia. Na kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi, bakapu zinakaa chumba kimoja na seva zenyewe! Anayeona moto ni hadithi akumbuke 10 Machi 2021, data senta ya OVHcloud pale Strasbourg, jengo la SBG2 liliteketea na kuna wateja ambao bakapu zao zilikuwa hapohapo.

Sasa hii programu ni huria, toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2020. Inachofanya ni kuikata diski ya mashine pepe vipande vya MiB 4, kila kipande kinatambulika kwa kile kilichomo ndani yake, kikishakuwepo hakihifadhiwi tena. Wakati wa kusinki na saiti ya pili vinasafiri vile tu ambavyo kule havipo, basi. Laini ikikatika katikati wala huna presha, ikirudi vile vilivyokwisha kufika havibebwi upya.

Siku ya kwanza lakini usitegemee miujiza. TB 2 kwenye laini ya Mbps 20 ni siku 9 na kitu, piga hesabu mwenyewe. Mi nliiweka seva ya pili ubavuni mwa ya kwanza, ikanyonya kila kitu kwa LAN (mtandao wa ndani), afu ndo tukaipakia kwenye gari. Tangu hapo kila usiku inamaliza kabla sijaamka.

Kilichonifanya nitulie nayo hasa ni kuvuta. Yaani saiti ya pili ndo inakuja kuchukua, sio seva kuu inayopeleka. Watu wanaona ni kitu kidogo lakini fikiria kirusi kinachoteka mafaili na kudai fidia kimeingia saiti kuu kikapata paswedi zote, kama seva kuu ndo inayopeleka na ina ruhusa ya kufuta kule basi kitaenda mpaka kule na kufuta. Kwa kuvuta, saiti kuu haina paswedi yoyote ya saiti ya pili, na huyo anayekuja kuchukua nimempa ruhusa ya kusoma tu, tokeni (kitambulisho cha kuingilia) yake peke yake, port 8007 (mlango wa mtandao wa programu hii), mengine yote kwenye fayawoli nimefunga. Toleo la 3.3 la mwishoni mwa 2024 liliongeza na kusukuma, kuna watu mazingira yao yanawalazimisha, sawa, ila kama una uchaguzi we vuta.

Kuna kisanduku kwenye mipangilio ya kusinki kinachosema kilichofutwa kule kifutwe na huku. Usikiguse. Ukikitiki, umerudi palepale, mtu akifuta bakapu saiti kuu na nakala yako inamfuata. Kiache bila tiki, afu upogoaji (kufuta bakapu za zamani) wa saiti ya pili upangie ratiba yake. Sisi kule tunakaa na za miezi, huku za wiki mbili tu.

Sasa aibu yangu. Bakapu zetu tunazifunga kwa ufunguo kabla hazijatoka kwenye hosti (seva inayobeba mashine pepe), kitu kizuri, hata mwenye chumba cha saiti ya pili hawezi kuzisoma. Tukafanya zoezi, tujifanye saiti kuu haipo. Nikakaa saiti ya pili kwa mbwembwe, bakapu zote naziona, zimehakikiwa, kijani tupu, nabonyeza kurejesha, inaomba ufunguo. Ufunguo uko wapi? Kwenye hosti ya saiti kuu. Ile ambayo tumejifanya imeungua. Nliwaangalia wenzangu, wakaangalia chini. Programu yenyewe ina amri ya kuuchapa ufunguo kwenye karatasi na QR yake, mi nliiona siku ile ya usanikishaji nikasema ntafanya kesho.

Nusu nyingine ya nyota ni diski. Ukiweka HDD (diski za kuzunguka) za kawaida, kuhakiki na kuzoa taka (kuondoa vipande visivyotumika tena) kutakuzeesha, maana ni mamilioni ya vipande vidogo, tafuta SSD (diski za kasi zisizozunguka) kama mfuko unaruhusu. Afu ukipogoa usishangae nafasi haijarudi, uzoaji taka kwa mpangilio wa kawaida hauondoi kipande mpaka kipite saa 24 na dakika 5 bila kuguswa, mi nlifuta mpaka nikaanza kuogopa na diski bado imejaa vilevile.

Zoezi la pili tulilipita. Karatasi ya QR iko kwenye bahasha saiti ya pili, na nyingine nlimpa bosi, ambaye kila tukikutana ananiuliza kama anaweza kuitupa.