Sumu ya nyuki: kioo cha umeme au kutoa mfuko wa sumu?

Njia ya zamani ya kukusanya sumu ya nyuki ni kumshika nyuki mmojammoja, kumng'oa mwiba kwa kibano na kukamua mfuko wake wa sumu. Nyuki hufa, na unachopata ni kidogo mno: nyuki mmoja ana takriban miligramu 0.1 ya sumu kavu, hivyo gramu moja tu inahitaji nyuki 10,000 hivi. Tena mfuko ukipasuka, protini za mwili wa nyuki huchanganyika na sumu.

Kioo cha umeme, kilichoelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1963, hufanya kazi tofauti. Nyaya zenye umeme hafifu juu ya bamba la kioo humshtua nyuki, naye huuma kioo hicho. Kwa kuwa kioo hakishiki mwiba, nyuki wengi hubaki hai. Sumu hukauka hapo, kisha hukwanguliwa kwa wembe. (Vaa barakoa, vumbi lake si la mchezo.)

Je, kioo ni safi zaidi? Kwa upande wa mabaki ya mwili wa nyuki, ndiyo. Lakini kioo kilicho wazi hupokea pia chavua, asali na kinyesi cha nyuki, na sumu ikikaa hewani na kwenye mwanga hugeuka kutoka nyeupe kuwa njano au kahawia. Harufu zake nyepesi nazo hupotea wakati wa kukauka. Utando mwembamba juu ya kioo hupunguza uchafu huo. Kwa biashara ningechagua kioo chenye utando. Mfuko nauachia maabara inayochunguza nyuki mmojammoja.