Saini ya API: itiwe kwenye simu au kwenye seva?

Chukua Amazon S3, hifadhi ya faili mtandaoni: maombi yanayopita kwenye API yake (mlango wa programu kuongea nayo) hutiwa saini ya HMAC-SHA256, hesabu inayothibitisha mtumaji, kwa ufunguo wa siri. Ukiuweka ufunguo huo ndani ya programu ya simu, kazi ni nyepesi, na huhitaji seva yako mwenyewe. Lakini faili la APK (kifurushi cha programu ya Android) hufunguliwa kwa jadx, zana ya kusoma msimbo wake, na siri ikabaki peupe. Kuubadilisha ufunguo ni kusubiri kila mtumiaji asasishe programu. Tena saa ya simu ikikosea kwa zaidi ya dakika 15, ombi hukataliwa, na simu za watu unazijua.

Seva ikitia saini, simu hupokea kiungo tu chenye muda wake, usiozidi siku 7. Gharama ni safari moja zaidi ya mtandao. Mimi naibeba bila kinyongo. Kupakia picha, kiungo cha dakika 5 kinatosha.